Vikompyuta vya Liutung

Mwalimu Fan Shao-wen hakuomba kuwa msimamizi wa kompyuta pale Shule ya Msingi Shuiwei. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayeiomba kazi hiyo. Siku ya kikao cha kugawana majukumu simu yake iliita, akatoka nje kuipokea, na aliporudi akakuta wenzake wanampigia makofi. Ndivyo inavyokuwa, asiyekuwapo ndiye anayechaguliwa. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mwenye shingo ndefu na mashati yaliyopigwa pasi na mama yake ingawa umri ulishavuka arobaini. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kikawa chake. Printa ikikwama, Fan. Kengele ikilia kabla ya wakati, Fan. Hata feni ya chumba cha walimu ikianza kukwaruza, aitwe Fan, kana kwamba feni nayo ni kompyuta.

Angeweza kulalamika, na wenzake walilalamika kwa madogo kuliko hayo. Lakini kazi ile ilikuwa na kitu kimoja ndani yake, na kwa ajili ya kitu hicho Fan angebeba printa mgongoni. Shuiwei ilikuwa na tawi juu mlimani, mahali paitwapo Liutung, shule ya darasa moja na watoto wachache, wa kila umri, wanaosoma pamoja. Kompyuta za Liutung zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Zikiharibika, Fan anapanda. Na huko juu alikuwako Mwalimu Ku Ping-ju.

Nisizungushe maneno. Fan alimpenda yule mwanamke. Alimpenda tangu siku ya kwanza alipomkuta amekaa sakafuni, amevua viatu, anawafundisha watoto kuhesabu kwa mbegu za miti ya pale mlimani, akamwambia bila hata salamu, "Wewe ndiye wa kompyuta? Pita, ila usinikanyagie mamia yangu." Mbegu zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, mamia huku, makumi kule. Fan akazivuka kwa kunyata, akaifikia mashine iliyokuwa imezimika, na kwa muda mrefu hakukumbuka alikuwa amekuja kufanya nini.

Tatizo ni kwamba alikuwa domo zege. Hesabu alizijua, nyaya alizijua, ila neno moja la kumwambia mwanamke lilimkwama kooni. Miaka sita alipanda, akatengeneza, akanywa chai, akashuka. Ajabu ni kwamba akishapanda pikipiki kurudi ndipo maneno yalipomjia, tena mazuri, yamejipanga. Aliyasema yote kwa sauti ndani ya kofia yake ya pikipiki, kona baada ya kona, mpaka anafika chini hana neno hata moja lililobaki.

Sasa vile vikompyuta vilikuwa na tabia yake. Vilikuwa vidogo, kila kimoja ukubwa wa kamusi, na ndani havina diski, havikumbuki chochote cha jana. Ukikiwasha kimoja, kinaamka hakijijui. Kinapiga ukelele kwa wote waliomo kwenye waya: jamani, mimi ni nani, na mzigo wangu nikauchukue wapi? Hapo lazima pawe na seva inayosikia, ikipe anwani, ikielekeze mahali pa kuchukua programu, ndipo kioo kiwake na watoto waanze kuchorachora. Ukikizima kimesahau yote, na kesho kinaanza upya. Pale Liutung seva ilikuwa moja ndogo, kuukuu, iliyowekwa kwenye kona ya darasa, na ndiyo hasa iliyokuwa ikimwita Fan. Ilipata joto, ikazimika, ikagoma. Juu yake palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, kama inavyowekwa kwenye mashine zote za nchi ile ili zitulie. Lazima iwe ya kijani, si ya njano wala nyekundu. Isiwe imepitwa na tarehe, na mtu asithubutu kuionja. Aliyeziweka pakiti hizo alikuwa Mzee Lai, mpishi na mlinzi na mtunza bustani wa tawi, na katika jambo hilo alikuwa mkali kama mtu wa hekaluni. Mashine moja, pakiti moja, ndiyo sheria yake.

Masika yale Mkuu wa shule, Mama Teng, alimwita Fan ofisini.

"Mwalimu Fan, kaa. Leo nina habari njema kwako."

Fan akakaa roho juu. Habari njema za Mama Teng kwa kawaida zilikuwa na kazi ndani yake.

"Laini mpya ya mtandao imefika mpaka Liutung, na ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, wametuletea. Idara inataka seva za matawini ziondolewe zote. Kompyuta za juu zitumie seva yetu hapa. Inawezekana?"

"Inawezekana," Fan alisema. "Ila mtandao wao na wetu ni tofauti. Ukelele wa zile mashine unaishia kwenye ruta yao, hauvuki. Itabidi niweke tarishi pale kwenye ruta. Yeye asikie ombi kule juu, alilete kwa seva hapa chini, kisha awarudishie jibu."

"Tarishi? Sina bajeti ya mtu mwingine."

"Si mtu, Mkuu. Ni mistari michache ya maagizo."

"Ahaa! Basi mweke kabla shule hazijafungwa. Akishakaa, wewe umepona, hutapanda tena."

"Sitapanda?"

"Hutapanda! Likiharibika lolote unalitengeneza umekaa hapa, feni inakupepea. Ile barabara ya maporomoko inanikosesha raha, kila mvua ikinyesha nakuona korongoni na pikipiki yako. Mbona umenuna?"

"Sijanuna, Mkuu."

"Ndivyo uso wako ulivyo?"

"Ndivyo ulivyo, Mkuu."

Akatoka nje akasimama kwenye varanda akiwatazama watoto wanafagia uwanja. Alijua maana ya alichoambiwa. Hakuwa na sababu nyingine yoyote ya kwenda Liutung. Hakuwa na ndugu huko, hakuwa na shamba, na mahekalu yaliyo karibu na kwao yalimtosha. Mashine mbovu ndiyo ilikuwa njia yake ya kumfikia Ku Ping-ju, na sasa alikuwa ameagizwa aizibe kwa mkono wake.

Jioni ile mama yake alimwona anachokoachokoa tambi pana za mchele bila kula.

"Tumbo?" mama akauliza.

"Hapana."

"Basi ni mwanamke."

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Kwa umri wako huu, tumbo ningelielewa haraka zaidi."

Siku iliyofuata alimpigia Mwalimu Ku simu, akamwambia aizime seva ya zamani, aichomoe, ampe Mzee Lai aiweke stoo. "Sawa," Ku akasema. Baada ya siku chache akapiga yeye mwenyewe kusema tayari, ameiondoa kwenye kona. Sauti yake ilikuwa kavu, na Fan, kwa ujinga wake, akadhani ana mafua.

Kazi ya chini aliikamilisha vizuri, kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya. Ibilisi alimjia, tusidanganyane. Alikuwa amekaa mbele ya mistari ile michache ya maagizo ya tarishi, akawaza kwamba akikosea tarakimu moja tu, moja ndogo, hakuna atakayejua, na vikompyuta vya Liutung vitagoma hadi uzeeni. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Kisha akawakumbuka wale watoto wanaotazama kioo cheusi, akaandika tarakimu iliyo sahihi. Akajifariji kwa jambo dogo. Kuanzia sasa ombi la kila mashine ya juu lingepita kwenye kioo chake, na mashine ya Ku ndiyo huwashwa ya kwanza asubuhi kabla watoto hawajafika. Basi angalau kila siku angeuona ule mstari mmoja, angejua amefika kazini, ameshavua viatu. Mtu mwenye njaa huhesabu hata harufu kuwa chakula.

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimepumzika, akapanda kwenda kumalizia.

Mzee Lai alikuwa nje anamenya vichipukizi vya mianzi. "Haya, mzishi wetu kafika," alisema. "Umekuja kutuzika?"

"Nimekuja kuwaunganisha, Mzee Lai."

"Kuunganisha! Mtu mwenyewe kujiunganisha kumekushinda." Akacheka kikohozi. "Ingia. Maboga yameiva, ukimaliza utakula. Na nimeshanunua pakiti, mbili, mbichi, tarehe ya mwakani."

Fan aliingia. Ku Ping-ju alikuwa ameketi kwenye meza yake anasahihisha, nywele amezibana kwa penseli. Aliinua macho akatabasamu, halafu tabasamu likajirudi haraka.

"Umelowa?"

"Sijalowa, leo hakuna mvua."

"Ndiyo," alisema. "Leo hakuna mvua."

Huo ndio uliokuwa mwisho wa mazungumzo yao kwa muda mrefu. Fan akaifunga ruta mpya ukutani, akaunganisha nyaya, na Mzee Lai akapanda kwenye kiti akaibandika juu yake pakiti ya kijani kwa heshima zote. Watoto wakakusanyika. Fan akawasha vikompyuta kimoja kimoja.

Vikapiga ukelele wao, vikapata anwani upesi, na vikasimama hapo hapo. Vioo vyote vikabaki vyeusi vikiwa na mstari mmoja mweupe wa malalamiko, kwamba mzigo vimeufuata havikuukuta. Kimoja tu, cha dirishani, kilifaulu kuwaka. Fan akakizima na kukiwasha tena, nacho kikagoma.

"Mwalimu, vimekufa?" mtoto mmoja akauliza.

"Havijafa, vinafikiri," Fan alisema.

Hapa sina budi kusema ukweli wake. Moyo wa Fan uliruka kwa furaha. Kimeshindikana! Itabidi arudi kesho, na keshokutwa, huenda wiki nzima. Alijikunja nyuma ya meza akijifanya anakagua waya ili watu wasiuone uso wake, na wakati huo huo aliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Wakala chakula cha mchana, maboga na wali na supu ya vichipukizi. Baada ya hapo, kama desturi ya shule zote, watoto wakalaza vichwa juu ya meza kwa usingizi wa mchana. Darasa likatulia. Ku akafunga mapazia. Fan aliendelea na kazi kwa kunong'ona na kunyata, akimkagua tarishi wake mstari kwa mstari. Tarishi hakuwa na kosa. Maombi yalikuwa yanafika chini, majibu yalikuwa yanarudi juu, ila yalikuwa yanafika yamechelewa, vikompyuta vimeshapewa anwani na mtu mwingine. Mtu wa karibu zaidi. Mtu anayewahi kujibu na hana cha kuwapa.

Fan akatoka nje kwa Mzee Lai, aliyekuwa anaosha masufuria.

"Mzee, ulisema ulinunua pakiti mbili."

"Mbili, ndiyo."

"Ukutani nimeona moja."

"Moja ya ukutani, na moja ya..." Akasugua sufuria lililokwisha takata. "Nyingine niliila."

"Wewe? Ukala pakiti ya mashine?"

Ule ulikuwa uwongo mkubwa kuliko uwezo wa Mzee Lai. Angeweza kukiri kuiba masanduku ya sadaka hekaluni, ila si hilo. Akaweka sufuria chini. "Mwalimu Fan, mimi mpishi. Mashine moja pakiti moja, ndiyo sheria yangu. Mengine kamuulize mwenye darasa, na umuulize taratibu. Kupenda ni kikohozi, mwanangu, hakufichiki, ila nyinyi wawili mmekohoa miaka sita mnasingizia vumbi."

Fan hakuelewa, au alielewa akaogopa kuelewa. Alirudi darasani. Ku Ping-ju alikuwa amesimama nyuma kabisa, mbele ya kabati la ramani, mikono nyuma, kama mtoto aliyekutwa na kitu. Watoto walikuwa wanakoroma taratibu.

"Mwalimu Ku," akanong'ona. "Kuna seva nyingine hai humu ndani."

Ku alisogea pembeni, akafungua mlango wa kabati.

Ilikuwa mle, chini ya ramani zilizokunjwa, ile kuukuu, taa yake ya kijani inapepesa, feni yake inahema. Ilikuwa imefutwa vumbi. Juu yake pakiti mpya ya Mzee Lai. Waya wake ulipita nyuma ya kabati mpaka ukutani, umefichwa kwa karatasi ya rangi.

"Nilikuambia nimeiondoa kwenye kona," Ku alisema. "Sikukudanganya."

"Lakini kwa nini? Ndiyo inayozijibu mashine, na ndani haina programu tena, nilishazifuta mimi mwenyewe nikiwa chini kabla sijakuambia uizime."

"Sikujua kama itaharibu kazi yako. Mambo hayo mimi siyajui." Alikuwa anaitazama taa ile, hamtazami yeye. "Nilichojua ni kwamba hii ikiharibika, unakuja. Kila mara nilipotaka kuichomoa, mkono haukutii. Nikasema basi, iwe hai kidogo tu, huenda kukatokea kitu, akaja mara mbili tatu kabla sijaondoka."

"Kuondoka?"

"Nimepata uhamisho. Taitung, karibu na mama yangu. Barua imetoka juzi. Mwezi wa nane naenda."

"Uhamisho unaombwa. Uliomba?"

"Niliomba niliposikia kwamba hutapanda tena." Sasa akamtazama. "Miaka sita, Mwalimu Fan. Nilikuwa najiambia, akija siku moja kukiwa hakuna kilichoharibika, sitaondoka Liutung mpaka nizeeke. Hukuja. Nisikulaumu, na mimi ningeweza kushuka. Barabara ni ile ile. Mama yangu yuko peke yake, na mimi nimechoka kuomba mashine iharibike."

Mtoto mmoja akageuza kichwa usingizini. Wote wawili wakanyamaza mpaka alipotulia.

"Izime wewe," Ku akasema. "Mimi imenishinda."

Fan akaibonyeza. Feni ikazunguka polepole, ikasimama, taa ikafa. Akachomoa waya. Maneno yote ya miaka sita yalikuwa kifuani yanagombania mlango. Sema, we mwanaume! Mtu amekufungulia kabati, amekufungulia na moyo, wewe unangoja nini? Akafumbua mdomo. "Mwalimu Ku," akasema, "mimi..."

Kengele ikalia.

Watoto wakainuka wakiwa na alama za meza mashavuni, wakavamia vikompyuta, na safari hii vioo vikawaka vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka darasa zima likang'aa. Wakapiga kelele za shangwe. Walimvuta Fan mikono, walitaka awaonyeshe hili na lile, na yeye aliwaonyesha. Alipoinua kichwa Ku alikuwa mbele ya ubao, amegeuka, anaandika tarehe, tena kwa mwandiko mzuri mno, polepole mno. Fan akavaa kofia yake akaondoka. Alifika chini amelia njia nzima.

Kiangazi kikapita. Walimfanyia Ku sherehe ya kumuaga, meza za duara, kuku wa kuchemshwa, hotuba ya Mama Teng isiyo na mwisho. Fan aliwekwa meza ya mbali. Walimu walipoinua vikombe vya chai kumtakia heri, Ku Ping-ju aliwatazama wote mmoja mmoja akitabasamu, na alipofika kwa Fan macho yakakaa hapo kidogo, yakaendelea. Fan aliinamisha macho kwenye sahani. Usiku mmoja mtu anaweza kujipa udhuru, hata mwezi. Yeye alijipa kila udhuru. Alisema ana mama yake mzee, alisema Taitung ni upande wa pili wa nchi, alisema amechelewa, heri asimvuruge. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake liliuma kweli, mpaka mama yake akamchemshia dawa.

Mwezi wa tisa shule zikafunguliwa. Kila asubuhi Fan alikaa mbele ya kioo chake na kuona maombi yanashuka kutoka mlimani. Tarishi alikuwa anafanya kazi barabara. Lakini mashine ya mezani kwa mwalimu, ile iliyokuwa ikiwashwa ya kwanza, sasa ilikuja ya mwisho, watoto wameshawasha zao. Mwalimu mpya alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, ila ni mchelewaji. Hata kile kistari kimoja cha asubuhi, harufu ile ya chakula, Fan hakukipata. Alikaa na uji wake unapoa, akitazama mahali ambapo kingekuwa.

Yule kijana alipiga simu siku moja kumshukuru. "Mwalimu Fan, huku mambo shwari kabisa! Tangu nije hakijagoma hata kimoja. Usihangaike kupanda, mzee wangu."

"Asante," Fan alisema.

Akakata simu. Akaegemea kiti, feni inampepea kama alivyoahidiwa. Alikuwa anawaza habari za Taitung. Shule mpya ya Ku itakuwa na kompyuta za namna gani? Huenda na wao wameunganishwa na seva ya mbali. Huenda fundi wao hajui kumpanga tarishi. Huenda zikagoma zote, wakakosa mtu wa kuwasaidia, wakaanza kuulizana nani anayezijua mashine hizi, na Ku akasema...

Hapo Fan akajishtukia. Kumbe alikuwa anaombea kompyuta za watoto wa Taitung ziharibike! Shule isiyo yake, wilaya isiyo yake, ng'ambo ya milima yote. Angengoja huo uharibifu hata miaka sita mingine, na ungetokea, wangemwita fundi wao wa huko. Akacheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka mwalimu wa muziki aliyekuwa meza ya pili akamuuliza kama ni mzima.

"Si mzima," Fan alisema. Akachukua simu akatoka kwenye varanda. Alibonyeza namba haraka ili mkono usije ukaahirisha.

"Haloo?"

"Mwalimu Ku. Ni mimi, Fan."

"Najua, namba yako sijaifuta." Sauti yake ilikuwa karibu mno. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele za mapumziko. "Kuna nini? Vikompyuta vya Liutung vimegoma?"

"Havijagoma. Vinawaka vyote kila siku."

"Ahaa. Sasa?"

Fan akashika nguzo ya varanda. Yale maneno mazuri ya ndani ya kofia hayakuja, hata moja. "Jumamosi nakuja Taitung," akasema.

"Mna semina?"

"Hatuna semina."

"Au shule yetu imekuita? Maana nakwambia mapema, mashine za huku nzima kabisa, usije ukapoteza safari."

"Ziwe nzima. Nakuja kukuona wewe. Nakupenda, Ping-ju. Nilikupenda nikivuka mamia yako pale sakafuni, sikuwahi kusema, na nisiposema leo nitakufa sijasema."

Watoto wa Taitung waliendelea kupiga kelele. Mlango ulifungwa mahali, kelele zikapungua, na Fan alisikia mtu anavuta pumzi kwa shida.

"Wewe mtu mbaya," Ku akasema. "Barabara ya Liutung, kidogo tu hivyo, ilikushinda miaka sita. Leo ndiyo unataka kuizunguka nchi nzima?"

"Ndiyo."

"Na ukifika ukashikwa na ububu tena?"

"Utaniona nimekaa kimya. Lakini nitakuwa nimekuja."

Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akawa analia bila kujificha, na Fan akashikilia simu kwa mikono miwili kana kwamba itamponyoka.

"Treni ya asubuhi hujaa haraka," Ku akasema alipoweza kusema. "Usingoje kesho. Kata tiketi leo."